Kabla Mbuzi Achinjwe Machakos, Kuna Mwezi Mzima Hujawahi Uona

Kama wewe ni wa wale hutua Machakos tarehe 24 usiku na doh ya nauli ya kurudi tu, hii story ni yako. Unapata mbuzi amefungwa kwa mti, chapo zinasukumwa, boma imefagiwa. Unadhani Krisi ndio inaanza. Kwa mathee ako ilianza karibu mwezi mzima uliopita.

Kwa familia za Kikatoliki, na ziko mob huku (Jimbo la Machakos liko tangu 1969, askofu wa kwanza akiwa Ndingi Mwana'a Nzeki), kipindi hiki kinaitwa Majilio. Kinaanza Jumapili nne kabla ya Krismasi, kwa hivyo siku ya kwanza huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Hapo ndipo mwaka wa Kanisa unaanza pia, so mathee ameshafungua mwaka wake wewe bado unangoja fataki. Padre anavaa zambarau, rangi ya toba, na kuna shada lenye mishumaa minne, mmoja unawashwa kila Jumapili. Ya tatu ni Jumapili ya furaha, rangi inakuwa waridi. Ukiona padre na vazi la pinki usicheke, si makosa ya kufua.

Katikati ya wiki ni jumuiya. Majirani wanazunguka nyumba kwa nyumba, leo kwenu kesho kwao, wanasoma injili, wanasali rosari, chai inamwagwa, na kabla ya kutoka wanaulizana nani mgonjwa na nani hana unga.

Halafu kuna kitubio, na hapa mambo inakuwa siriasi. Watu wanapiga foleni kuungama kabla ya Krisi, na huwezi enda kuungama roho safi ukiwa na beef na ndugu yako. Mathayo sura ya 5 inataka uache sadaka yako pale pale, uende mpatane kwanza. Beef zenyewe unazijua: mpaka wa shamba, ama mtu alikopa pesa ya school fees akanyamaza. Ndiyo maana wazee wawili ambao hawajaongea tangu Pasaka wanaweza onekana wakinywa chai pamoja Desemba 20. Haiendangi poa kila saa. Kuna wenye hukaa hapo masaa mawili, kisha kila mtu anashika njia yake bila salamu, na tarehe 25 familia yote inakula ikijua ni nani hajakuja na ni kwa nini.

Nusu ingine ya familia huenda ni AIC. Hilo kanisa mizizi yake ni hukuhuku Ukambani: Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika 1895, na kituo chao cha kwanza kikawa Nzaui, ambayo leo iko Makueni. Huko story ya zambarau si sana. Ni mazoezi ya kwaya hadi giza, na watoto wa Sunday school kushika maneno ya mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. So kwa boma moja susu anasali rosari, na binti-mkwe anarudi kutoka kwaya sauti imekauka. Wanapatana kwa sufuria.

Na sufuria inategemea shamba. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, kuliko ile ya Machi. Maana yake wiki za Majilio ndizo za palizi: mahindi, maharagwe, mbaazi. Shule zimefungwa, kwa hivyo madogo wanaamshwa na jembe. Mvua ikikataa, maombi ya jumuiya yanabadilika, na menyu ya Krisi inapunguzwa kimyakimya: muthokoi mwingi, chapo mbili kila kichwa. Nyama angalau iko sorted kama mathee ako kwa chama. Wametoa kidogo kidogo mwaka mzima, Desemba wananunua ng'ombe na kugawana kilo.

Kutoka Nairobi ni kilomita sitini na kitu tu, lakini nauli hupanda Krisi ikikaribia. Ukipata off wikendi ya ile Jumapili ya pinki, dandia matatu mapema. Susu atakupa jembe kwanza, chai baadaye.