Likasi: Daftari linaloamka na mkondo usiolala, njia mbili za ordinatere kutoa tahadhari

LIKASI – Tuseme mtu mmoja anatoa pesa kwenye kabine moja ya Likasi. Dakika sita baadaye, namba ile ile ya telefone inatoa pesa Kolwezi, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo. Hakuna dereva kwenye barabara hiyo, hata yule asiyeogopa makamyo ya madini, anayeweza kukata safari hiyo kwa dakika sita. Mmoja kati ya hao wawili ni mwizi. Je, ordinatere inayotunza hesabu itamtambua kabla pesa hazijatoka, ama kesho asubuhi, wakati mwenye pesa anapokuja kulalamika?

Mfano huu ni wa kufikiria, lakini swali lake ni la kila siku katika mji ambamo watu wengi wanatunza makuta yao ndani ya telefone. Jibu linategemea namna ordinatere ilivyofundishwa kuangalia data. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza inaitwa hifadhidata tendaji. Ya pili ni mfumo wa mikondo ya data. Ukiziangalia kwa mbali zinafanana, kwa sababu zote mbili zinatoa tahadhari bila kungoja mtu aulize. Ukiziangalia kwa karibu, kila moja ina nguvu yake na ugonjwa wake.

Daftari lililojifunza kuamka

Hifadhidata ya kawaida ni kama daftari kubwa la muuza duka. Inaandika kila kitu, inatunza vizuri, lakini inakaa kimya. Mwenye duka asipofungua ukurasa na kuuliza, daftari halitamwambia kwamba sukari imebaki kilo mbili.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Marekani walitaka daftari hilo liweze kusema lenyewe. Mradi wa HiPAC ulieleza sheria yenye sehemu tatu ambayo inafundishwa mpaka leo: tukio, sharti, na tendo. Tukio: mtu ametoa pesa. Sharti: salio la kabine limeshuka chini ya franka 50 000. Tendo: tuma ujumbe kwa mwenye kabine. Wakati huo huo, IBM ilijaribu mambo hayo katika mradi wa Starburst, na Chuo Kikuu cha Berkeley kikafanya vile vile katika POSTGRES, mradi ulioongozwa na Michael Stonebraker. Sheria hizo ziliitwa vichochezi, na mwaka wa 1999 ziliingia rasmi katika kanuni za SQL, lugha inayotumiwa na hifadhidata nyingi za dunia.

Nguvu ya njia hii ni uaminifu. Kichochezi kinafanya kazi ndani ya muamala, na muamala una sheria kali: yote yafanyike, ama yasifanyike hata moja. Pesa ikitoka kwa mama na sheria ikakuta kosa, kila kitu kinarudishwa kama kilivyokuwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hifadhidata inaamka, inasoma kumbukumbu zake kwenye diski, na kurudi mahali pa salama. Katika mji unaojua kukatika kwa umeme, hilo si jambo dogo.

Lakini kuna ugonjwa. Kichochezi kinaamka wakati kitu kinapoandikwa. Sheria moja inaweza kuandika kitu kinachoamsha sheria ya pili, na ya pili ikaamsha ya kwanza, zikazunguka bila mwisho. Sheria zikiwa nyingi, kila maandishi mapya yanazibeba zote mgongoni, na kazi inakuwa nzito. Zaidi ya hayo, kichochezi kinaona vizuri tukio moja, ila hakioni vizuri mfululizo wa matukio. Kumwambia «amka mtu huyu akitoa pesa mara tano katika dakika kumi, katika miji miwili» kunawezekana, lakini ni kazi ya kuhangaisha: inabidi kurudi nyuma kila mara na kupekua daftari upya.

Mtu wa peaje

Njia ya pili inageuza mambo. Mtu anayepita kwenye peaje ya barabara ya Lubumbashi–Likasi–Kolwezi ataielewa haraka. Mfanyakazi wa peaje hakusanyi kwanza makamyo yote ya siku katika uwanja, halafu aanze kuyatafuta moja moja. Yeye anasimama mahali pamoja na swali lake moja. Makamyo ndiyo yanayopita mbele yake, na kila moja linajibu swali lile lile.

Ndivyo mfumo wa mikondo unavyofanya. Katika hifadhidata, data zinakaa na maswali yanapita. Katika mkondo, swali linakaa na data zinapita. Wazo hili lilionekana mapema mwaka wa 1992 katika mradi wa Tapestry wa Xerox PARC huko California, ambako maswali ya kudumu yalichuja barua na habari zilizokuwa zikiingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likapata nguvu katika miradi mitatu iliyojulikana sana: STREAM ya Stanford, TelegraphCQ ya Berkeley, na Aurora, iliyounganisha vyuo vikuu vya Brandeis, Brown na MIT. Stonebraker yule yule wa POSTGRES alikuwa ndani ya Aurora. Mtu aliyefundisha daftari kuamka aliona kwamba kwa kazi nyingine daftari halitoshi.

Kwa kuwa mkondo hauna mwisho, haiwezekani kungoja uishe ndipo uhesabu. Mfumo unakata kipande kinachoitwa dirisha: dakika kumi za mwisho, ama matukio mia moja ya mwisho. Dirisha linasogea pamoja na saa. Ile safari ya dakika sita kati ya Likasi na Kolwezi inaonekana ndani ya dirisha hilo bila kupekua historia yote ya mteja.

Ugonjwa wa njia hii ni saa yenyewe. Telefone ikiwa mahali pasipo na rezo, ujumbe wa saa nne kamili unaweza kufika saa nne na dakika ishirini, baada ya ujumbe uliotumwa nyuma yake. Mfumo lazima uamue utangoja wachelewaji kwa muda gani. Ukingoja sana, unapata ukweli wakati mwizi amekwisha kupanda gari. Ukingoja kidogo, unaweza kumfungia mtu asiye na kosa.

Ordinatere nayo inafanya delestaji

Hapa wakaaji wa Likasi watakutana na neno wanalolijua. Umeme usipotosha, unakatwa mtaa huu ili mtaa ule upate: hiyo ni delestaji. Mwaka wa 2003, watafiti wa Aurora walikabili shida kama hiyo. Data zikiingia kwa wingi kuliko uwezo wa mashine, itabidi nyingine zitupwe. Wakalikopa jina kwa watu wa umeme, wakaiita delestaji ya data.

Walieleza namna mbili. Kutupa ovyo, bila kuchagua. Ama kutupa kwa kuangalia uzito, yaani kuacha kwanza zile data ambazo mwenye mfumo amesema hazina faida kubwa. Hifadhidata tendaji haiwezi kukubali jambo hilo. Ikizidiwa, itapunguza mwendo na kuwangojesha wote kwenye mstari, lakini haitatupa hata franka moja.

Hapo ndipo habari ya ufundi inageuka kuwa habari ya watu. Nani anasema kipi kina uzito? Mfumo unaochunguza wizi ukiambiwa kwamba franka 5 000 ni kitu kidogo, siku ya kuzidiwa utaacha kuzichunguza. Kwa kampuni, hasara hiyo haionekani. Kwa mama anayeuza mboga sokoni, inaweza kuwa mtaji wa siku nzima. Na mwizi mwenye akili atajifunza kuiba kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba hata kwa wezi.

Mto Lufira na mlima wa Goma

Pesa si mfano pekee. Mashariki mwa Likasi, kwenye mto Lufira, kuna kituo cha umeme cha Mwadingusha, kilichojengwa wakati wa ukoloni. Mitambo yake sita ilitengenezwa upya na kuanza tena kutoa umeme mwaka wa 2021, kwa uwezo wa zaidi ya megawati 70. Umeme wa inchi hii unapiga mara 50 kwa sekunde. Kifaa kimoja kinachoupima kila mpigo kinatoa vipimo 4 320 000 kwa siku. Kuandika kila kimoja katika daftari na kuamsha sheria juu yake ni kujitesa. Kinachofaa ni kuviangalia vikipita, kutunza wastani, na kupiga kelele pale ambapo mpigo unaanza kuyumba.

Mfano mzito zaidi uko Goma. Tarehe 22 Mei 2021 jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na zaidi ya watu 30 walikufa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2022 katika gazeti la sayansi la Nature ulionyesha kwamba dalili za wazi katika vipimo vya mitetemeko zilianza takriban dakika 40 tu kabla ya mlipuko. Ni muda wa kupika chakula. Data zinazokusanywa usiku na kusomwa kesho asubuhi hazingemsaidia mtu yeyote.

Lakini Goma inafundisha jambo la pili, ambalo wauzaji wa programu hawapendi kulisema. Mradi wa Banki ya Dunia uliokuwa ukisaidia kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, ulikwisha mwaka wa 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa pesa za kulipa intaneti inayokiunganisha na vifaa vyake mlimani. Mkondo wa data bila rezo ni mto uliokauka. Na mfumo usiojua hali ya kawaida ya miezi iliyopita unapata shida kutambua siku isiyo ya kawaida.

Kuchagua bila kudanganywa

Leo njia hizi mbili hazigombani tena kama zamani. Kafka, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na kufunguliwa kwa watu wote mwaka wa 2011, inabeba mikondo ya matukio kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Flink, yenye mizizi katika utafiti wa vyuo vikuu vya Berlin, inahesabu ndani ya madirisha, na inapiga picha ya hali yake mara kwa mara ili umeme ukikatika isianze upya kutoka mwanzo. Hifadhidata nazo zinaweza kutoa kila badiliko lao kama mkondo. Katika mpango mzuri, mkondo unatambua hatari haraka, na hifadhidata inafanya tendo lenyewe kwa uaminifu: kuzuia akaunti, kuandika sababu, kutunza ushahidi.

Lakini si kila kazi inahitaji vyote viwili. Duka la dawa la hospitali linalotaka kujua dawa ya malaria ikipungua halihitaji mkondo. Dawa haziishi kwa sekunde. Ordinatere moja ya zamani yenye PostgreSQL, mtoto wa POSTGRES ambaye hauzwi, na vichochezi viwili ama vitatu, vinatosha. Shule inayofuata malipo ya wanafunzi iko katika hali hiyo hiyo. Mfumo wa mikondo unataka mashine zisizozimwa, rezo isiyokatika, na fundi anayeamka usiku. Mahali ambapo jenereta inakunywa mafuta kila siku, gharama hiyo inapaswa kuhesabiwa kabla ya kusaini mkataba.

Mafundi wanaweza kupima kwa maswali matatu. Kwanza, tahadhari ikichelewa saa moja, nani anaumia? Kama hakuna, hifadhidata tendaji inatosha. Pili, hatari inaonekana katika tukio moja, ama katika mfululizo wa matukio ndani ya muda mfupi? Kama ni mfululizo, mkondo unafaa zaidi. Tatu, data moja ikipotea, je, ni hasara ya kweli? Kwa kipimo kimoja kati ya milioni nne vya umeme, hapana. Kwa salio la mtu, ndiyo, na jambo hilo lazima libaki ndani ya daftari lisilotupa kitu.

Baki moja, ambalo hakuna programu inayolijibu: nani anapokea ujumbe? Kichochezi kinaweza kutuma tahadhari kwa namba ya mtu aliyeacha kazi mwaka jana. Mkondo unaweza kuonyesha alama nyekundu kwenye ofisi iliyofungwa tangu saa tisa. Anayetaka kununua mfumo kwa ajili ya banki, kiwanda ama kituo cha umeme, aanze kwa kuandika jina la mtu atakayeamka saa nane za usiku, na jina la atakayeshika zamu yake akiugua. Ordinatere zitafuata.