Idadi ya Watu na Mizani ya Riziki katika Tarime na Serengeti

Taifa la Marekani limekuwa likihesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790, na katika zama zetu huongeza juu ya hesabu hiyo uchunguzi wa kila mwaka kuhusu mapato, hata mji mdogo usiokuwa na watu wengi kuliko waendao gulioni Sirari ya Tarime hupata jedwali lake: wakazi kadha, nyumba kadha, na kipato cha kati, yaani kile ambacho nusu ya nyumba hukizidi na nusu ya pili hazikifikii. Mtu akilitaka jedwali kama hilo kwa wilaya za Tarime na Serengeti, hapa Tanzania, atapata nusu yake tu, na hata nusu hiyo yataka busara katika kuisoma.

Kwa upande wa watu tunao ushahidi mzuri. Sensa ya Agosti 2012 iliukuta mkoa wa Mara una watu 1,743,830, na ile ya Agosti 2022 ikaukuta una 2,372,015; wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu, ilitoka 249,420 ikafika 340,349, ongezeko lipitalo thuluthi, ilhali sehemu kubwa ya ardhi ya wilaya hiyo ni hifadhi asikolima wala kujenga mtu. Tarime, walakini, humpotosha msomaji mwenye haraka: mwaka 2002 ilikuwa na watu zaidi ya 490,000, na mwaka 2012 wakaonekana 339,693, asiyejua akadhani maradhi yamepita, kumbe mwaka 2007 wilaya ilikatwa ikazaliwa Rorya, na maelfu ya watu wakabadili wilaya bila ya kuhamisha hata chungu.

Kabila halimo katika maswali ya sensa yetu tangu baada ya ile ya 1967, nami naona ni hekima. Kenya bado huuliza, hivyo Mkurya wa ng'ambo ya mpaka huhesabiwa kwa kabila lake na nduguye wa upande huu kwa kijiji chake.

Taabu huanza karani anapobisha hodi na kuuliza ni nani mkuu wa kaya. Katika jedwali la Kimarekani, nyumba inayoongozwa na mwanamke asiye na mume aghalabu huchukuliwa kuwa dalili ya ufukara. Lakini katika Ukurya iko nyumba ntobhu, ambamo mwanamke mtu mzima, asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe akamwoa mwanamke kijana, na watoto atakaowazaa kijana huyo kwa mwanamume aliyeridhiwa wakawa warithi wa boma la yule mkubwa. Mwanamke aliyeweza kutoa mahari ya Kikurya, ambayo kwa wingi wa ng'ombe ni mashuhuri nchi nzima, si fukara, hata karatasi ikimwandika asiye na mume.

Ama mapato, sensa yetu haiyaulizi. Huulizwa katika utafiti wa bajeti za kaya, na ule wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Walakini utafiti huo huchagua kaya chache, hivyo haukidhi haja ya wilaya moja. Na lau ungekidhi, wastani ungetudanganya. Nyamongo, katika Tarime, kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi mwaka 2002. Mshahara wa fundi mmoja wa mgodini, ukichanganywa na kipato cha majirani wanaolima mihogo au kuokota mawe ya mabaki ya mgodi, huwafanya wote waonekane na uwezo ambao hawajauonja. Hali kadhalika Serengeti: fedha za watalii hulala hotelini, na mkulima wa kandokando huamka na tembo shambani. Nao ng'ombe, ambao ndio akiba, mahari na bima ya mfugaji, mwenyewe hapendi kuitaja idadi yao mbele ya mgeni.

Basi, msomaji, ukiambiwa na yeyote kwamba wastani wa mapato ya mtu wa Tarime ni kiasi fulani, mwulize kwanza kama dhahabu ya Nyamongo imo, kama ng'ombe wamo, na ni nani aliyekubali kuwahesabu.