Kazi Ikikatika, Haki Zisikatike

Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe mwaka 1954, mji wa Jinja umevuta wafanyakazi kutoka pande zote za mashariki ya Uganda. Wengi hutoka Mbale na vijiji vya Mlima Elgon. Husafiri kwa barabara ya Tirinyi hadi viwanda vya Jinja, huku wake, waume na wazee wao wakibaki kulima. Mshahara wa mtu mmoja hulisha nyumba mbili. Siku kazi inapokatika, nyumba zote mbili hutikisika.

Swali la kwanza katika nyumba hizo huwa ni moja: je, serikali humlipa chochote mtu aliyepoteza kazi? Jibu ni fupi. Uganda haina malipo ya serikali ya kila mwezi kwa asiye na ajira. Nchi jirani ya Tanzania ilianzisha fao la aina hiyo kwa sheria za mwaka 2018: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa kazi pasipo kosa lake, huweza kulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Mfanyakazi wa Jinja asikae akilingojea fao hilo. Lakini asikate tamaa pia, kwa maana zipo haki nyingine, na hasara kubwa huwapata wale wasiozijua mapema.

Haki zilizo mikononi mwa mwajiri

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe notisi kabla ya kumwachisha mtu kazi. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka mmoja hupewa majuma mawili. Wa mwaka mmoja hadi mitano hupewa mwezi mmoja. Wa mitano hadi kumi, miezi miwili. Na wa miaka kumi na zaidi, miezi mitatu. Mwajiri asiyetaka kungoja muda huo hana budi kulipa mshahara wa kipindi hicho. Pamoja na hayo, mfanyakazi hudai mshahara wa siku alizokwisha kufanya na malipo ya likizo ambayo hakuichukua.

Kiwanda kinapotaka kupunguza watu kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi, chama cha wafanyakazi hupaswa kuarifiwa si chini ya majuma manne kabla, na Kamishna wa Kazi huarifiwa kwa maandishi. Kampuni ikifilisika, aliyeitumikia miezi sita na zaidi anaweza kudai kiinua mgongo. Kiasi chake sheria iliachia mapatano ya pande mbili, kwa hiyo asiyeuliza huenda asipewe kitu.

Mfanyakazi aombe pia cheti cha utumishi kinachoonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina ya kazi. Cheti hicho hutolewa kwa anayekiomba. Ni vema akiombe siku hiyo hiyo, kabla meneja hajahamishwa na ofisi haijafungwa.

Miezi mitatu isipite bure

Aliyeachishwa isivyo haki hupeleka malalamiko yake kwa afisa wa kazi. Muda uliowekwa ni miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu hurudi kwao Mbale kwa fedheha, akapumzika, akashika jembe, akingoja ahadi ya kuitwa tena. Anaposhtuka, msimu umekwisha na miezi mitatu nayo imekwisha.

Ikumbukwe kwamba malalamiko hupelekwa kwa afisa wa wilaya au jiji ilimofanyika kazi. Aliyeajiriwa Jinja aanzie Jinja, kabla ya kutumia nauli yake ya mwisho kurudi nyumbani. Achukue barua ya kuachishwa, mkataba na karatasi za mshahara, na abaki na nakala ya kila anachokabidhi. Zikipita siku 90 bila afisa kutoa uamuzi, mlalamikaji anaweza kuipeleka kesi yake katika Mahakama ya Viwanda.

Akiba iliyo katika Mfuko

Haki nyingine iko katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, wenye ofisi Jinja na Mbale pia. Walimu wa serikali na watumishi wengine wenye pensheni wana utaratibu wao tofauti. Kwa mfanyakazi wa kampuni, asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwake, na mwajiri huongeza asilimia 10. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa 30,000, mwajiri hutoa 60,000, na akiba ya mwezi huwa 90,000. Kwa miaka kumi ni shilingi 10,800,000, mbali na faida. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, kila mwajiri anawajibika kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu.

Je, fedha hizo huchukuliwa lini? Mwenye miaka 55 hulipwa zote. Aliyetimiza miaka 50 naye huzipata zote, iwapo amekaa mwaka mmoja bila ajira; kwa sababu hiyo barua yenye tarehe ya kuachishwa ni ya thamani kubwa. Mwenye miaka 45 aliyechangia miaka kumi anaweza kuchukua hadi asilimia 20, ambayo katika mfano wetu ni shilingi 2,160,000 pamoja na sehemu ya faida. Mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia miaka kumi huweza kuchukua hadi asilimia 50. Kijana wa miaka 30 aliyeachishwa hatapata fedha hizo kwa kukosa kazi peke yake. Akiba yake hubaki na kuendelea kupata faida hadi wakati wake ufike.

Mali bila daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wapo waajiri wanaokata asilimia 5 na wasiipeleke. Mfanyakazi aombe taarifa ya michango yake angali kazini, walau mara moja kwa mwaka, na aone kama kila mwezi umeandikwa. Pengo la miezi minne ni rahisi kulidai kiwanda kinapovuma kuliko mlango ukishatiwa kufuli. Fomu za Mfuko hazilipiwi. Anayedai chai ili kuharakisha malipo aepukwe.

Inafaa kila nyumba iwe na bahasha moja ndani ya sanduku: mkataba, karatasi za mshahara, nambari ya NSSF, nakala ya kitambulisho cha taifa, na barua zote za kazini. Mume na mke wajue ilipo, na majina yaliyo kwenye kadi yalingane na yale ya kitambulisho, kwa kuwa herufi moja iliyokosewa huweza kuchelewesha malipo. Mwanachama akifariki, ni bahasha hiyo hiyo itakayowasaidia mjane na watoto kudai akiba yake.