Kina Fumo wa Kipini, Pate na Witu

Msomaji anayefuatilia historia ya delta ya Mto Tana, kuanzia Garsen hadi Kipini ambako mto huo unaingia Bahari ya Hindi, hukutana na jina Fumo mara nyingi kiasi cha kudhani kwamba habari zote ni za mtu mmoja. Fumo lilikuwa jina la heshima la watawala wa pwani ya kaskazini, likatangulia majina ya watu wa nyakati na hali tofauti, na anayewachanganya humnyima kila mmoja wao haki yake.

Anayejulikana zaidi ni Fumo Liongo, ambaye kaburi lake huonyeshwa upande wa Ozi na Kipini, katika eneo ambalo leo ni la jimbo la Garsen. Liongo ni shujaa na mshairi wa mapokeo, yaani wa habari zilizorithishwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870, na Muhammad Kijuma wa Lamu akaitungia utendi, yaani shairi refu la masimulizi, mwaka 1913. Husimuliwa kwamba mfalme wa Pate, kwa kuhofia kupokonywa kiti, alimtia gerezani, naye Liongo akampelekea mama yake ujumbe wa fumbo kwa njia ya wimbo. Mama akaficha tupa ndani ya mkate wa makapi, ambao walinzi hawakuutamani, na minyororo ikakatwa huku watu wakishughulika na ngoma ya gungu. Baadaye mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, na Liongo akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wasithubutu kuteka maji.

Fumo Madi, Sultani wa Pate wa ukoo wa Nabahani, ni wa historia iliyoandikwa: kifo chake mnamo 1809 kilizua ugomvi wa urithi, na miaka michache baadaye Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakashindwa na Lamu katika vita vya Shela.

Fumo Bakari ndiye aliyedhulumiwa zaidi na kumbukumbu za wakoloni, zilizomwita mwasi. Alirithi Witu, kaskazini mwa Kipini, mwaka 1889 kutoka kwa Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, ambaye mwaka 1885 alikubali ulinzi wa Ujerumani ili kujikinga na Sultani wa Zanzibar. Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu katika mkataba uliohusu pia kisiwa cha Heligoland, mkataba ambao Fumo Bakari, mwenye nchi, hakuwa mmoja wa waliouafiki. Septemba mfanyabiashara Mjerumani Küntzel na wenzake waliuawa, na Oktoba kikosi cha Admirali Mwingereza Fremantle kikauteketeza mji wa Witu. Fumo Bakari alifariki Januari 1891, na Fumo Omari akaendeleza upinzani msituni, hata baada ya ngome za Pumwani na Jongeni kushambuliwa mwaka 1893.

Kwa hiyo wazazi walio ughaibuni wanaowasimulia watoto wao habari za Fumo wataje daima jina la pili na mji wake, na wenye wazee Kipini, Ozi au Witu wayarekodi masimulizi yao wakati wasimulizi wangali hai.