Msaada wa Kijamii kwa Askari Wastaafu Wanaoacha Sigara

Askari wastaafu wa Marekani, yaani watu waliowahi kutumikia jeshi na sasa wamerudi uraiani, ni miongoni mwa makundi ambayo sigara imeyashika kwa nguvu. Takwimu za serikali ya nchi hiyo za kati ya mwaka 2010 na 2015 zilionyesha kuwa asilimia 29.2 yao walikuwa wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine, na asilimia 21.6 walikuwa wakivuta sigara. Wengi waliianza au kuizidisha tabia hiyo wakiwa kazini, miongoni mwa wenzao, na kwa hiyo ni vigumu kuielewa kama udhaifu wa mtu mmoja mmoja, wala kumwachia mstaafu aipige vita peke yake.

Historia inathibitisha jambo hilo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, pakiti ya chakula cha askari wa Marekani aliyekuwa mstari wa mbele ilikuwa na sigara ndani yake, na utaratibu wa kugawa sigara pamoja na chakula ulidumu hadi mwaka 1975. Hata baada ya hapo, maduka ya kambini yaliendelea kuuza tumbaku kwa bei nafuu kuliko ya uraiani, na mapumziko ya kuvuta yakawa nafasi ambapo askari walizungumza, walifarijiana na kusubiri pamoja. Mwaka 1992 sheria ya nchi ilizitaka hospitali za wastaafu zitenge sehemu za kuvutia, na ilipofika Oktoba 2019 ndipo Wizara ya Masuala ya Askari Wastaafu ilipopiga marufuku uvutaji wa wagonjwa na wageni katika vituo vyake vyote vya afya. Askari anapoondoka jeshini, kikosi chake hutawanyika, lakini sigara aliyoizoea ndani ya kikosi hicho huenda naye nyumbani.

Ugumu wa kuacha una upande wa mwili pia. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayosababisha uraibu, hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya moshi kuvutwa, na ubongo unaoizoea hulalamika inapokosekana. Malalamiko hayo huonekana kama hasira za haraka, wasiwasi, kukosa usingizi na kushindwa kutulia. Huwa makali zaidi katika siku za mwanzo, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Kwa mstaafu anayeugua msongo unaotokana na kiwewe, ambao humrudisha mtu kwenye matukio ya kutisha aliyoyapitia, dalili hizo hufanana mno na zile za ugonjwa wake, hivyo huamini kuwa sigara ndiyo inayomtuliza, ilhali sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondolewa tu kwa kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia.

Hapo ndipo msaada wa kijamii unapohitajika. Wataalamu huugawa katika sehemu nne: msaada wa kihisia, ambao ni kusikilizwa na kutiwa moyo; msaada wa vitendo, kama kumpeleka mtu kliniki au kuondoa viberiti na visahani vya majivu nyumbani; msaada wa taarifa, unaomweleza dawa zilizopo na namna ya kuzitumia; na msaada wa tathmini, unaomwonyesha kwa haki hatua aliyoifikia. Mstaafu anayepata sehemu moja tu, kwa mfano maelezo ya daktari bila mtu wa kumpigia simu usiku anapozidiwa na hamu, hubaki na pengo kubwa.

Utafiti mmoja mashuhuri, ingawa haukuwahusu wastaafu pekee, uliwafuatilia watu 12,067 wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, kuanzia mwaka 1971 hadi 2003. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa mume au mke alipoacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67, na rafiki alipoacha ulipungua kwa asilimia 36. Watu walionekana kuacha kwa makundi, jambo linalofundisha kwamba anayemsaidia mstaafu kwa nguvu zaidi ni yule anayekubali kuacha pamoja naye.

Kwa wastaafu wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha watu 943 wenye msongo wa kiwewe katika vituo 10 vya matibabu. Waliosaidiwa kuacha sigara na mhudumu yuleyule aliyekuwa akiwatibu kiwewe walifaulu kuacha kwa muda mrefu kwa kiwango cha asilimia 8.9, wakati waliopelekwa kliniki nyingine ya sigara walifikia asilimia 4.5. Idadi hizo ni ndogo, na zinaonyesha uzito wa kazi yenyewe, lakini tofauti kati yake ni karibu maradufu, na mojawapo ya mambo yaliyotofautisha makundi hayo ni kwamba kundi la kwanza lilihudumiwa na mtu ambaye tayari lilimfahamu. Kwa mantiki iyo hiyo, wizara huajiri wastaafu waliopona matatizo ya akili au uraibu wawashauri wenzao, na mwaka 2012 Rais Barack Obama aliagiza waajiriwe washauri wa namna hiyo 800. Mstaafu humsikiliza kwa urahisi mtu asiyehitaji kuelezwa maisha ya kambini yalikuwaje.

Familia nayo ina wajibu wake, ila nia njema pekee haitoshi. Tafiti zimeonyesha kuwa mwenzi anayesifu hatua ndogo na kuvumilia hasira za wiki za mwanzo huwa wa manufaa kuliko anayelalamika, kunusa nguo na kuhesabu makosa, kwa kuwa lawama humfanya mvutaji ajifiche. Mafunzo maalumu kwa wenzi hayajatoa matokeo ya uhakika, ilhali tiba ya vikundi imethibitika kuwasaidia watu zaidi ya kujaribu peke yao kwa vitabu vya maelekezo. Kikundi hicho hufanya kazi vizuri kikienda sambamba na dawa, kama vibandiko vya nikotini au vidonge vya vareniklini. Kwa wanaoishi mbali na vituo, wizara ilianzisha mwaka 2013 huduma ya ushauri kwa simu na nyingine ya ujumbe mfupi.

Wengi hurudia kuvuta kabla ya kuacha kabisa, na hapo wahenga wana neno: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayerudi nyuma anastahili kupokewa tena bila kuaibishwa, na kusaidiwa kutambua kilichomwangusha. Taifa lililowapa vijana wake sigara pamoja na chakula lina deni kwao, na deni hilo halilipwi kwa mabango ya kukataza uvutaji peke yake. Hulipwa kwa watu, yaani wauguzi, wenzi na askari wenzao, wanaokubali kuandamana na mstaafu hadi aache.