Baiskeli Mjini: Usiogope Moshi Kuliko Mwendo wa Magari

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walipita mitaa ile ile na kuvuta moshi ule ule. Hata hivyo madereva, waliokaa kitini zamu nzima, waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya makondakta, ambao kutwa walipanda na kushuka ngazi za basi wakidai nauli. Kondakta aliyeugua naye, mara nyingi ugonjwa wake haukuwa mkali kama wa dereva.

Ukitazama foleni ya asubuhi ya Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Magomeni au pale Buguruni, utaona maelfu ya watu waliokaa kama wale madereva wa London. Barabara za juu zimejengwa Tazara na Ubungo, na kweli zimepunguza adha kwenye makutano yale, ila foleni imesogea mbele na kujipanga upya. Kutoka Sinza hadi Posta ni kama kilomita tisa au kumi. Mwendesha baiskeli asiye na haraka, anayekwenda kilomita 15 kwa saa, hufika kwa dakika 40 hivi, leo na kesho. Mwenye gari hawezi kukuahidi muda.

Lakini ukimshauri mtu wa ofisini aende kazini kwa baiskeli, jibu ni lile lile: "Huo moshi wote niuvute mimi?" Ni swali la haki, na sayansi imelifanyia kazi.

Moshi wa injini, hasa ya dizeli, una chembe ndogo mno ambazo wataalamu huziita PM2.5, kwa kuwa upana wake hauzidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu ni mnene kuliko chembe hiyo zaidi ya mara ishirini. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, ila chembe hizi huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, nyingine zikapenya kwenye damu na kuchangia shambulio la moyo na kiharusi. Anayekanyaga baiskeli hupumua hewa mara mbili au tatu ya ile anayopumua aliyekaa garini. Hapo mwenye hofu ana hoja.

Asichokijua ni kwamba gari si ngao. Katika foleni, hewa inayoingia kupitia dirisha au matundu ya feni inatoka nyuma ya gari lililo mbele, karibu kabisa na bomba lake la moshi. Tena anayeendesha gari huvuta hewa hiyo bila kupata faida ya mazoezi, na faida hiyo ni kubwa. Msuli wa paja unapokanyaga pedali huweza kuchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana madaktari huwahimiza wagonjwa wa kisukari wautumie mwili. Mishipa ya damu hutanuka, shinikizo hushuka, na baada ya miezi kadhaa moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo hupiga polepole mtu akiwa amepumzika.

Mizani hiyo imepimwa. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Marko Tainio ilikokotoa faida ya mazoezi dhidi ya madhara ya hewa chafu. Katika mji wenye PM2.5 ya mikrogramu 22 kwa mita ya ujazo, ambao ndio uliokuwa wastani wa miji ya dunia, faida ilishinda kwa mbali hata kwa mtu anayeendesha saa nyingi. Katika hewa chafu sana ya mikrogramu 100, madhara yalianza kuzidi faida baada ya saa moja na nusu ya kuendesha kwa siku. Hiyo haina maana kwamba hewa yetu ni salama: Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo ya kufuatilia wafanyakazi zaidi ya 260,000 wa Uingereza kwa takriban miaka mitano. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wale waliotumia gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo iliyowaokoa, maana huenda wenye afya njema ndio wanaoichagua. Watafiti walizingatia umri, sigara na chakula, na tofauti haikufutika.

Sasa nije kwenye linalonikera. Mwaka 2010 wataalamu wa Uholanzi walikadiria faida na hasara za mtu anayeacha gari na kupanda baiskeli. Mazoezi yalimwongezea miezi 3 hadi 14 ya maisha, hewa chafu ikampunguzia siku 0.8 hadi 40, na ajali siku 5 hadi 9. Ziangalie vizuri hizo siku za ajali. Ni za Uholanzi, nchi ambayo baiskeli ina njia yake na dereva amezoea kuipisha. Huwezi kuzichukua na kuzipeleka Barabara ya Mandela kati ya malori ya bandarini.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Afrika ina takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, ila karibu moja ya tano ya vifo hivyo hutokea huku. Sababu kubwa ni mwendo. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili bali mara nne. Mwili wa binadamu haukuumbwa kuhimili hilo.

Na njia tunazo kiasi. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro. Leo humo utakuta bodaboda zinakimbia, magari yameegeshwa na meza za biashara zimepangwa. Simlaumu anayetafuta riziki, namlaumu aliyepewa dhamana ya kumtafutia mahali pengine na hakufanya hivyo.

Kwa anayetaka kuanza: pita mitaa ya ndani, kwa kuwa chembe za moshi hupungua haraka ukijitenga na barabara kuu, na magari ya huko huenda polepole. Barakoa ya kitambaa haizuii PM2.5. Funga taa mbele na nyuma, na kamwe usijipenyeze kushoto mwa lori au basi linalosubiri kukata kona, dereva hakuoni. Toka mapema kabla ya jua kali, beba shati la kubadili, na wanaodhani umekosa nauli waache wadhani.

Kwa halmashauri za jiji na manispaa, maombi ni mawili na hayahitaji mkopo wa nje: ondoeni magari na pikipiki kwenye njia za baiskeli zilizokwisha kujengwa, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa uwe sheria kwenye mitaa ya makazi na shule.