Nyuki Hawajui Mpaka wa Shamba: Uchavushaji Kitui na Makueni

Wanaochavusha mimea ya Kitui na Makueni, kaunti za Kenya, si nyuki wa asali peke yao. Mbaazi hutegemea zaidi nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, pamoja na wale wanaokata majani kujengea viota. Maua ya mwembe hutembelewa hasa na nzi. Mbuyu hufungua maua yake jioni, na kazi ya kuyachavusha hufanywa na nondo pamoja na popo walao matunda. Tikitimaji lina maua dume na maua jike yaliyo mbalimbali. Asipopita mdudu mwenye chavua, hakuna tunda. Ndengu hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo anayelima ndengu tu anaweza kukaa miaka bila kutambua kwamba wadudu wamepungua.

Nyuki wa asali huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, akivuka mashamba ya watu wengi kwa siku moja. Anayehifadhi kichaka chake hafaidiki sana ikiwa jirani ananyunyizia dawa mchana, maua yakiwa wazi. Ndiyo maana ulinzi wa wadudu hawa hauwezi kuwa kazi ya mtu mmoja.

Wakamba, wenyeji wa kaunti hizi, wamelijua hilo kupitia asali. Mzinga wa gogo hutundikwa mtini na kusubiri kundi la porini liingie lenyewe. Zamani ulichongwa alama ya ukoo ili mwenyewe ajulikane. Kiangazi kikizidi, nyuki huhama, na hurudi mvua inapoleta maua. Katika miaka ya 1970 ilibuniwa mizinga ya kisasa yenye vipande vya mbao juu, ambayo hurahisisha uvunaji. Lakini hata mzinga ulio bora kiasi gani hautoi maua. Maua ni ya migunga, kikwata na miti mingine ya nyika, na miti hiyo ndiyo inayotoa makaa mazuri.

Hapo ndipo penye ugumu. Januari 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka kaunti hiyo. Amri ya namna hiyo huziba barabara kuu, lakini haimlipii mchoma makaa karo ya mwanawe. Njia yenye matumaini zaidi ni kuupa mti bei ukiwa umesimama. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, kilifanya kazi na vikundi vya wakulima wa Mwingi, Kitui, katika uuzaji wa asali na hariri ya porini. Viwavi wa hariri hiyo hula majani ya migunga, kwa hiyo mgunga mmoja waweza kumlisha kiwavi na nyuki pia.

Katika misitu ya umma, sheria ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii kuingia mkataba na Huduma ya Misitu Kenya, na kuvuna asali ni mojawapo ya haki ambazo wanachama wanaweza kupewa. Kabla ya mikataba hiyo kulikuwa na mathembo, mahali pa ibada ambapo kukata mti kulikuwa mwiko. Pale yaliposalia, ni hifadhi ndogo ya miti ya asili katikati ya mashamba.

Mashambani, chombo cha kushirikiana kipo tayari: mwethya, kikundi cha majirani kinachofanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mwanachama. Kwa nguvu hiyo yalitengenezwa matuta mengi ya fanya juu, yaani yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Kingo zake zikiachwa na nyasi na maua bila kulimwa, hufaa nyuki wanaoishi peke yao, ambao wengi hutaga katika udongo au miti mikavu.

Maembe ya Makueni yanadai ushirikiano wa karibu zaidi. Nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya embe, na jibu la haraka la wengi ni dawa. Mitego, chambo na kuzika matunda yaliyoanguka hupunguza nzi huyo bila kugusa maua, lakini shamba moja lililoachwa na maembe yaliyooza hutosha kuwalisha nzi wa kijiji kizima. Pale dawa inapolazimika, hupigwa jioni nyuki wakiwa wamerudi, na wenye mizinga ya karibu huarifiwa mapema.